Shemeji na Gari la Milango Miwili

Shemeji yangu, mume wa dada ninayeishi kwao, ni fundi wa meno ya bandia. Kutwa nzima anakwangua nta na plasta mpaka jino likae sawasawa kwenye ufizi wa mtu, na haki yake nimpe, kazi anaiweza. Balaa ni kwamba akitoka karakana anataka dunia nzima ikwanguliwe vivyo hivyo. Kwake yeye hata kununua nyanya ni mradi.

Siku moja akatangaza kwamba atanunua gari la spoti, la mtumba. Ili asije akaghairi, akauza kwanza gari la nyumbani, lile kuukuu la milango minne ambalo dada yangu alikuwa akienda nalo hospitalini. Dada ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Anasimama zamu nzima, na jioni miguu imevimba hadi kuvua viatu ni kazi. Akaanza kwenda kwa mguu.

"Vumilia kidogo, mke wangu," Shemeji alimwambia. "Nachagua tu."

Kuchagua kwenyewe kukageuka ajira ya pili. Gari alilolitamani lina matoleo matatu, na picha zake zikajaa ukutani sebuleni mpaka picha ya harusi ikahamishiwa koridoni. Toleo la kwanza ni jepesi, taa zake zinajificha na kuchomoza. La pili lina turbo. La tatu lina kila kitu, hadi kiti cha kupasha makalio moto, sijui ni nani aliyelalamika kwamba yake yanapoa. Bado paa: la bati au la turubai? Bado gia.

"Automatiki ni ya mtu aliyechoka na maisha," alituelimisha jioni moja.

"Mimi nimechoka," dada alisema, akikanda vifundo vya miguu. "Ninunulie hiyo hiyo."

Shemeji akacheka, akidhani anataniwa. Nikashindwa kunyamaza.

"Shemeji, ungechagua mke namna hii, hadi leo ungekuwa kapera."

"Mke hana matoleo," akanijibu, uso mkavu kabisa.

Hatimaye akaleta toleo la kwanza, jekundu, gia za mkono, paa la bati. Alipiga honi mtaa mzima ukatoka. Dada alifurahi kuliko wote, maskini. Asubuhi iliyofuata alikuwa uani na mkoba wake, amesimama kando ya gari, akingoja afunguliwe.

Shemeji akatoka na turubai, akalifunika.

"Gari kama hii haitembezwi ovyo, mke wangu. Vumbi litaimaliza."

Kisha wakaondoka wote wawili kwa miguu, yeye akichezesha funguo mfukoni. Nilicheka pale dirishani, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha hasira.

Ikawa hivyo. Kila jioni Shemeji alilifunua, akamketisha mkewe ndani, akawasha injini palepale uani ili amsikilizishe mlio. Dada alikuwa akipitiwa na usingizi. Kilikuwa kiti laini pekee alichokikalia tangu asubuhi. Safari moja nikamwona Shemeji akimgusa bega taratibu, kwa upole wote.

"Inua kichwa kidogo. Mafuta ya nywele yanaharibu ngozi ya kiti."

Dada akashuka, akaingia ndani. Niliumia mimi kuliko yeye, au nilidhani hivyo.

Kesho yake kukanyesha mvua ya kumwaga, na Shemeji alikuwa bafuni. Dada akachukua funguo mezani, akavuta turubai, akaliacha limelala kwenye dimbwi. Shemeji alipotoka na povu masikioni, gari lilikuwa limeshapinda kona.

Lilirudi jioni limepakwa matope hadi vioo. Shemeji alilizunguka, mikono kichwani. Nilijua sasa moto utawaka. Akapapasa boneti. Kumbe mtaalamu wetu, pamoja na picha zote zile, alikuwa hajawahi kulipeleka popote tangu alilete.

"Hebu niambie," akauliza kwa sauti ndogo, "kwenye kona inashika barabara vizuri?"

"Habari za kona sizijui," dada alisema, akipita na viatu vyake miguuni. "Leo miguu haikuniuma."