Siku Nilipopigana Ngumi kwa Miguu

Aibu niliyoipata pale Ruangwa sijawahi kuisimulia yote, maana kila nikianza watu hucheka kabla sijafika kwenye aibu yenyewe, kwa hiyo leo nawaomba mnivumilie, mcheke mwishoni.

Ilikuwa miaka ile ya mashamba makubwa ya karanga, mimi kijana wa kupaka grisi matrekta Nachingwea, na kambini alikuwapo Koplo Chilumba, mtu aliyerudi kutoka vita vya Burma na kifua kama mlango, akitufundisha ngumi jioni baada ya kazi. Mazoezi yalikuwa mara tatu kwa wiki: Jumatatu kupiga, Jumatano kujikinga, Jumamosi mbio za kutafuta pumzi. Jumatatu ya kwanza nilipigwa ngumi moja ya pua (moja tu, na Koplo aliapa ilikuwa ya kujaribia) nikaona nyota jua likiwaka, basi tangu hapo kila Jumatatu nikawa naumwa tumbo, kila Jumatano kichwa, ila Jumamosi nilikuwa mzima kabisa na hakuna aliyenipita kwa mbio.

Sasa, nilikuwa nimempenda binti wa Ruangwa, Somoe, na baba yake, Mzee Mtopela, mkulima wa ufuta, alipenda ngumi kuliko chakula. Siku nilipokwenda kujitambulisha, hata shikamoo yangu haijapoa, akaniuliza, "Nasikia huko kambini mnafundishwa ngumi. Wewe unafanya mazoezi mara ngapi kwa wiki?"

Ningesema mara moja, mambo yangeishia hapo. Lakini Somoe alikuwa nyuma ya mlango anasikiliza (niliona kanga yake), nikajikuta nasema, "Kila siku, baba. Isipokuwa Ijumaa, kwa ajili ya sala."

Mzee akapiga makofi. "Mungu amekuleta! Hapa tuna Issa, mbeba magunia, amekosa mtu wa kupigana naye. Jumapili njoo. Ukisimama naye raundi tatu tu, posa yako naipokea siku hiyohiyo."

"Na nisiposimama, baba?"

"Mtu wa kila siku atashindwaje?"

Nilirudi kambini nikamweleza Koplo. Akaniuliza, "Unajua kitu gani wewe?"

"Mbio, afande."

Siku nne zilizobaki alinifundisha asubuhi na jioni, matokeo yake Jumapili ilipofika mikono yangu ilikuwa inauma hata kuvaa shati ni kazi. Kambi nzima ilijaa kwenye malori mawili kuja kunishangilia, na ngoma juu.

Ulingo ulikuwa nguzo nne na kamba za katani, kando ya soko. Issa akaingia. Shingo hakuwa nayo, kichwa kilikaa moja kwa moja mabegani. Chuma kikagongwa, Issa akaja, na miguu yangu (mimi sikuiambia kitu) ikaondoka. Nikauzunguka ulingo, yeye nyuma yangu anapiga hewa, na nikamsikia Mzee Mtopela akipaza sauti, "Anamchosha! Ona akili hiyo!"

Raundi ya pili Issa alinibana kwenye kona, akainua mkono, nami nikapita chini ya kamba nikatoka. Ndiyo, nje ya ulingo, nikakatiza sokoni katikati ya vikapu vya muhogo, kina mama wanakusanya vitu vyao wanapiga kelele, Issa nyuma na glavu zake, nyuma yake wapiga ngoma, nao hawakuacha kupiga. Tulilizunguka soko lile mara mbili. Mara nikasikia sauti ndogo ya huruma, "Ndugu yangu, simama basi, sikupigi tena." Kugeuka, Issa ameketi chini kwa wauza samaki, anahema.

Nikarudi ulingoni peke yangu. Chuma cha raundi ya tatu kikagongwa nikiwa nimesimama pale, sina wa kupigana naye, na watu wanalia kwa kucheka.

Mzee Mtopela akaniita mbele ya wote. "Sema kweli. Mara ngapi kwa wiki?"

"Mara moja, baba. Jumamosi. Siku ya mbio."

Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo Somoe akajitokeza kati ya wanawake, akasema bila kuinua macho, "Baba, mimi namtaka huyuhuyu. Huyu akikasirika atatoka nje mbio, hatanipiga."

Vigelegele vikalipuka, na mzee alicheka mpaka akakalishwa juu ya gunia, akifuta machozi, akisema, "Haya, haya, posa nimepokea."

Tangu siku ile nimeapa, mtu akiniuliza idadi ya kitu chochote, naitaja kama ilivyo, na mbele ya mkwe naipunguza kabisa. Siku ya harusi Issa alikuja kula pilau, akakaa ubavuni kwangu, akanishika mkono mpaka shehe alipomaliza kufungisha ndoa, akininong'oneza, "Leo huendi popote."