Filamu ya Zimwi Isiyotisha Mtu Mzima

Nisitirini hili, wasomaji. Jumamosi alasiri, nyumbani kwetu Mji wa Kale, nilifunga madirisha nikawawekea wanangu filamu ya kale ya zimwi, isiyo na rangi. Walicheka mno.

"Baba, zimwi gani hili? Latembea kama lina baridi yabisi!"

Nikajigamba kwamba filamu hizi hazimtishi mtu mzima. Zimwi likafungua mlango polepole, na mlango wetu nao ukalia. Nikageuka, nikaona uso mweupe pe ukinitazama. Nilipiga ukelele, nikaruka nyuma ya kochi, nikajifunika zulia huku nikisoma dua.

Taa ikawashwa. Alikuwa mama mkwe, amejipaka liwa ya kulainisha ngozi, sahani ya mahamri mkononi.

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole, "mbona umejificha, na watoto umewaacha?"