Kimya Nilichojifundisha

Kosa langu la kwanza katika goliboli lilikuwa kucheza bila kusema neno. Macho yangu huona mwanga tu, kwa hiyo mchezo huu nilijifundisha kwa simu inayonisomea kwa sauti. Ilinieleza kwamba kila upande una wachezaji watatu, wote hufungwa macho, na mpira wenye njuga ndani hubingirishwa sakafuni kwa nguvu kuelekea goli. Unauzuia kwa kujitupa chini ubavu mzima. Ilisema pia kwamba pawe kimya ili njuga zisikike. Mimi, mtu wa kuogopa kukosea, nikaishika sheria hiyo kwa mikono miwili. Sikujua kwamba iliwahusu watazamaji.

Nikawafunga binamu zangu wawili vitambaa vya kitenge machoni, tukawa tunafanya mazoezi sebuleni kama watu walioweka nadhiri. Aliyekohoa nilimtoa nje. Maman, yaani mama yangu, anayevusha nyanya mpakani kwenda kuuza Bukavu, akirudi alisimama mlangoni na beseni lake kichwani, akisubiri tumalize. Mke wa fundi viatu, jirani yetu, alichungulia siku moja akamwuliza, “Maman, hawa batoto beko banacheza ao beko banasali?”

Ndipo kocha wa timu ya taifa akaja Kamembe, mjini kwetu, kuchagua wachezaji wa upande wetu. Niliitaka sana nafasi hiyo. Nyumbani nilikuwa situmwi hata chumvi dukani. Nilitaka kutumwa na nchi.

Ukumbini niliwekwa katikati. Kulia kwangu alikuwa kijana wa Nyakabuye, kushoto mwingine wa Nkungu. Mpira wa kwanza ulikuja kati yangu na yule wa Nyakabuye. Tulijitupa wote wawili, vichwa vikagongana kwa mlio ambao Maman anasema aliusikia kwenye benchi la nyuma, na mpira ukapita. Nikamwomba radhi kijana, nikamwomba kocha, nadhani niliiomba na sakafu. Mpira wa pili ulikuja kushoto. Mimi nikamwachia wa Nkungu, yeye akaniachia mimi.

Kocha alipuliza filimbi, akaja kuchuchumaa karibu yangu.

“Papa,” akaniita, kama kila mwanamume aitwavyo kwetu, “umenuna?”

Nikamweleza sheria ya kimya, tena kwa maneno yaleyale ya simu. Alicheka mpaka akakohoa.

“Kimya ni cha wale wa kwenye mabenchi. Wewe uko katikati, wenzako wanakutegemea. Ongea.”

“Niseme nini?”

“Unachosikia.”

Sikuwa nimejiandaa kuongea, na jambo nisilojiandalia huwa silifanyi. Lakini njuga zilikuwa zinakuja, upande wa kulia. Sauti iliyonitoka ilikuwa ya Maman anaponiongoza sokoni, ile isiyopumua, ambayo miaka yote ilinitia haya mbele ya watu.

“Kuume, papa, kuume, lala, lala. Vizuri. Sasa simama polepole, kuna ukuta.”

Hapakuwa na ukuta wowote. Kijana wa Nyakabuye alikuwa ameukumbatia mpira kifuani.

“Ndiyo, Maman,” akanijibu.

Wanawake wa sokoni waliokuja kunishangilia walijaza vitenge vyao mdomoni ili wasivunje sheria. Filimbi ilipolia wakaangua kicheko wote kwa pamoja, na Maman wangu akiwa wa kwanza. Tangu hapo wenzangu waliniita Maman, nami niliwaambia kushoto, kuume, mbele, hata mambo wasiyoyahitaji. Tulifungwa, lakini si kwa aibu.

Mwishoni kocha alinishika bega, akaniuliza kama nina pasipoti. Nikasema sina.

“Tafuta,” akasema.

Siku hizi nacheza katikati katika timu ya taifa, na ninaongea mchezo mzima. Nikikosea, wenzangu husikia na kunirekebisha.