Baba Asitokee Mlango wa Nyuma

Nakumbuka siku moja pale Kashikishi, jua likizama upande wa Congo, mwanangu Mwansa amesimama mlangoni amepanua miguu, hataki kulala. Alikuwa ndiyo kwanza anatembea bila kushikwa. Kichwa kinamwangukia kifuani kwa usingizi, lakini ukimgusa tu anapiga kelele, mpaka jirani yetu Kaluba anauliza juu ya ua, "Munachinja nani huko?"

Mwanangu, wewe unayenisikiliza na kuhangaika na mtoto wako leo, si wewe wa kwanza.

Mume wangu Chisenga alikuwa anavua chisense, vile visamaki vidogo vinavyofuata taa, na kazi yake inaanza giza likiingia. Kwetu ufukweni kulikuwa na mwiko: mvuvi akitoka haagwi, wala haulizwi anakwenda wapi, la sivyo wavu unarudi mtupu. Basi kila jioni nilimlaza Mwansa haraka, na Chisenga akapitia mlango wa nyuma, kimya. Mtoto akiamka, baba hakuna. Akaanza kuukataa usingizi wenyewe. Mimi nikaona ni ukaidi, nikamtisha kwa mamba wa ziwani. Wanasema dawa ya moto ni moto. Kwa mtoto, hapana. Alizidi kulia, na mimi nilikuwa nimechoka, hata nikianika samaki asubuhi nilikuwa nasinzia.

Jioni ile mama mkwe wangu, bana Chisenga, yaani mama yake Chisenga, alikuwa kando anachambua mchanga kwenye samaki wakavu. Akaniita kwa jina la mtoto, kama desturi.

"Bana Mwansa, huyu mutoto anaogopa nini?"

"Mama, ni kichwa nguvu tu. Amefanana na mwana wako."

"Mwana wangu alilala muzuri. Kichwa nguvu ilitoka kwenu ng'ambo ya ziwa!" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Kila akifunga macho, baba yake anapotea. Weye ungelala?"

Nikamkumbusha mwiko.

"Mwiko ni wa watu wakubwa. Huyu hajui hata kuuliza. Mupe chakula ya baba yake abebe."

Nikafunga mihogo kwenye kitambaa. Mwansa akaibeba kwa mikono miwili mpaka majini, baba yake alipokuwa anatayarisha mtumbwi, akianguka na kuinuka. Chisenga hakuaga. Alipokea kifurushi, akamgusa mtoto kichwani, akapanda mtumbwi. Tukasimama mpaka taa yake ikawa ndogo kati ya taa za wenzake. Nyumbani nikamwosha mchanga miguuni, nikamwimbia chini chini.

"Tata?" akauliza, yaani baba.

"Tata iko kwa maji. Asubuhi anarudi."

Alilia bado, lakini kilio kifupi, kisha akalala. Asubuhi nilimpeleka ufukweni. Wavu ulirudi na nini, sikumbuki. Nakumbuka alivyokimbia kumkamata baba yake mguu.

Kwa hiyo, mwanangu, nyie ambao baba anatoka na pikipiki kwenda Mununga huku mmempumbaza mtoto kwa simu: msimwibie baba yake. Anayetoka, mtoto amwone akitoka. Halafu maji ya kumwosha, wimbo uleule, sauti ya chini, kila jioni. Usimtishe, hofu hailazi mtu. Na usichoke upesi, pole pole ndio mwendo.

Mungu atulize nyumba yako jioni, na kila anayetoka kwako, asubuhi akute mikono midogo inamngoja.