Mlango Uliofungukia Ndani

Nyumba ile ya wageni niliijenga Kasulu kwa uchu wa mtu aliyezaliwa chini ya turubai. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi mikono mitupu. Mimi nililima maharage Kitanga, nikayauza Manyovu, mpaka uraia ukaja, na baada ya miaka, kiwanja. Ramani ilionyesha vyumba vinane. Nilitaka kumi na viwili. Nikamwambia fundi mkuu abane kuta, naye akabana.

Kuta zilipofika usawa wa lenta, juu tu ya milango, mfanyabiashara mwenzangu alinishauri nitafute msanifu wa ndani, mtu anayepanga nyumba itakavyokaliwa: kitanda kikae wapi, mwanga uingilie wapi, mlango ufungukie upande gani. Nilimpata kijana mmoja mwenyeji wa Tanga, aliyeoa Kibondo na kuhamia huko. Moyoni nilijua namwita achague mapazia na rangi.

Alikuja na futi kamba na chaki. Akachora kitanda chini kwenye zege, akalala juu ya mchoro wake, akanyoosha mkono. Ukagonga ukuta.

"Mama," akasema akiwa bado chini, "humu mtu ataingia kitandani, lakini kushuka itakuwa shida."

Akaenda bafuni. Alikaa humo muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Huu mlango usifungukie ndani. Bafu ni dogo mno. Mtu akianguka, mwili wake ndio utakaokuwa komeo."

"Vyumba havipungui," nikamwambia.

"Nipe wiki mbili nichore upya. Ila fundi asimame kwanza."

"Sawa," nikasema.

Akaondoka kurudi Kibondo. Vumbi la gari lake halijatulia, nikamgeukia fundi mkuu. "Endelea. Mvua zinakaribia."

Ile "sawa" ndiyo ninayolala nayo mpaka leo. Sikumkatalia yule kijana. Ningemkatalia, angalau tungegombana, na pengine katika ugomvi ningesikia kitu. Nilimwitikia, kisha nikafanya langu.

Aliporudi na michoro yake chini ya kwapa, alikuta kuta zimepigwa plasta na fremu za milango zimesimama. Alipita chumba kwa chumba. Hakupandisha sauti.

"Mama, ungesema hapana ningeelewa. Ulisema sawa."

Akaniachia michoro, akaenda zake. Sikuifungua hata karatasi moja.

Tulifungua. Wageni walilala mara moja, wakaaga kwa heshima, safari nyingine nikawaona wakishukia nyumba ya jirani. Nikasema ni wivu wa watu. Kisha mama yangu akaja kutoka Kagerankanda kunisalimia. Nikampa chumba nilichokiona bora kuliko vyote.

Asubuhi ya Jumapili alikwenda kuoga kabla ya kanisa. Mvua ilikuwa ikipiga bati, na kwetu mvua ikishika hivyo hata aliye mbele yako humsikii. Nilikuwa jikoni nachemsha chai. Mvua ilipopungua ndipo nikasikia sauti nyembamba ikiniita, na nikajua imeniita muda mrefu.

Nilikimbia, nikasukuma mlango. Ulisogea upana wa vidole viwili, na mama akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa binadamu. Alikuwa ameanguka nyuma ya mlango.

"Mwana wanje, usisukume," akalia. "Mwanangu, mguu wangu, usisukume!"

Nikasimama pale viganja vikiwa mlangoni. Nilipiga magoti nikapenyeza vidole kwenye ule mwanya, akavishika. Nikaita watu kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Fundi mkuu alifika na nyundo, ikabidi avunje ukuta kwa nje, taratibu, tofali moja moja, ili lisimwangukie. Kila pigo mama alikaza vidole vyangu. Baadaye akaacha kukaza, nikadhani nimempoteza.

Alikuwa amezimia. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Alipolazwa hospitali, nilikwenda Kibondo. Nilimkuta yule kijana kwenye duka la dawa akipima rafu. Nilikuwa nimejiandaa aseme, "Nilikwambia." Aliponiona, akaweka futi chini.

"Shikamoo, Mama. Habari zimenifikia. Bibi anaendeleaje?"

Nililia mbele ya wateja. Nilipoweza kusema, nikamwambia, "Njoo ubomoe. Bomoa utakavyo."

"Sibomoi peke yangu. Fundi awepo, nawe uwepo. Jambo likisemwa, lisemwe tukiwa watatu."

Siku ya kwanza hakupima chochote. Aliuliza tu. Nani hasa hulala kwako? Wanabeba nini? Nikajikuta nataja watu niliowaona kila siku bila kuwafikiria: wachuuzi wenye magunia, ndugu za wagonjwa, akina mama wenye vichanga. Fundi mkuu akainamisha kichwa.

"Bosi, kuhusu bafu niliona mapema," akasema. "Lakini ulisema niendelee."

Walibishana nusu siku juu ya bomba moja. Zamani ningewakatiza. Safari hii nilikaa juu ya ndoo nikasikiliza mpaka mwisho, na fundi ndiye aliyekuwa sahihi, na kijana akafuta mstari wake. Vyumba vinne vikafa. Milango ya mabafu ikageuzwa.

Wageni sasa wanarudi, husifu nafasi. Mama hatembei tena. Anakaa chumba cha mbele, na kuoga namwogesha kwa beseni kitandani, kwa sababu bafuni amekataa kabisa, hata nikimwonyesha lilivyopanuliwa.

Juzi alikuja mwenye kiwanja kando ya barabara ya Kibondo, kuona nilivyojenga. Akaniambia kwa fahari kwamba pake vitaingia vyumba ishirini.

"Kabla hujachimba msingi, mwite msanifu wa ndani," nikamsihi. "Akae na fundi wako, nawe ukiwepo. Nakuomba."

Akacheka. "Mapazia nitachagua mwenyewe, Mama."

Nilimshika mkono wa shati nimweleze yote. Akautoa kwa adabu, akasema saruji inamsubiri, akapanda pikipiki. Mama akaniita kutoka ndani. Nikaenda.