Riwaya Niliyoikana Mbele ya Wazee

Nilipaswa kukataa wazee wa kanisa walipoomba kumfanyia mwanangu kikao sebuleni kwangu. Wangenung'unika wiki mbili tatu, kisha wangepata jambo jingine la kunung'unikia, maana kanisa letu halikosi. Badala yake nikasema, "Karibuni Jumamosi," na nikamwambia mke wangu aandae chai na mandazi.

Sisi Wakenya wa huku Burnsville, Minnesota, tulikuja na vikao vyetu kama tulivyokuja na sufuria zetu. Kijana akisemekana amekosea, haitwi na baba yake pembeni. Huketishwa mbele ya wazee, na baba hutakiwa kutamka neno, ili ionekane yuko upande gani. Nilikuwa najua hivyo nilipokubali.

Kosa la mwanangu lilikuwa kitabu. Alikuwa akiwafundisha vijana wa kanisa, na mjukuu wa mwenyekiti wa wazee akamwomba kitu cha kusoma. Akampa riwaya ya mambo ya anga: dola inayotawala sayari nyingi, vyombo vinavyosafiri kati ya nyota, mawaziri wanaotegeana mitego. Katikati ya siasa hizo, balozi kutoka mwezi mmoja maskini wa sayari hizo anampenda mkuu wa walinzi wa mfalme, na wote wawili ni wanaume. Msichana alikisahau mezani. Babu yake akakisoma, au alisoma kurasa alizozitafuta.

Riwaya ile mimi niliijua kuliko mtu yeyote pale kanisani. Miezi michache kabla, nilikuwa nimepasuliwa mtoto wa jicho, na mwanangu alikuwa akipitia kwangu jioni akitoka kazini Plymouth, ananisomea. Yeye anasoma Kiingereza, mimi namkatiza kwa Kiswahili. Tangu kidato cha nne sikuwa nimefurahia kitabu namna ile. Mambo ya sayari yalinipita, lakini siasa zile sikuhitaji kuelezwa.

"Huyu waziri anayemsifu mfalme kila siku," nilimwambia, "ndiye atakayempindua."

"Umejuaje?" akaniuliza kwa Kiingereza chake.

"Mimi si nimetoka Kenya?"

Alicheka mpaka akapoteza ukurasa.

Jioni moja akafika mahali balozi amekaa kando ya mlinzi aliyejeruhiwa, amemshika mkono. Nikauliza kama hao wawili ni marafiki. Akaweka kidole kwenye ukurasa. Kisha akasema la, wanapendana. Sauti yake ilikuwa imebadilika, nami nikajua hazungumzi tena juu ya watu wa kitabuni. Nikasema, "Haya, soma. Tuone kama watatoroka kabla waziri hajajua." Akasoma. Alipoinuka kwenda zake alinishika bega akaliachilia polepole. Aliondoka akiamini nimemkubali. Na jioni ile, nadhani, nilikuwa nimemkubali.

Jumamosi wazee wakaja watatu. Mwanangu tulimwekea kiti cha jikoni katikati.

"Hapa duniani kwenyewe theluji imetushinda," mwenyekiti akasema huku akichovya andazi, "na vijana hawa wanataka tuhamie mwezini!"

Wazee wakacheka. Mimi pia nikacheka.

"Na huko mwezini, ndugu yangu, wanaume wanaoana. Ndiyo mjukuu wangu anafundishwa hayo?"

Mwanangu hutuelewa vizuri, lakini siku zote hutujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alijibu kwa Kiswahili, akitafuta kila neno, ili pasiwe na wa kusema hakumwelewa.

"Ni hadithi ya watu wawili wanaojaribu kuzuia vita, mzee. Na wanapendana. Baba anaijua. Muulizeni baba."

Wote wakanigeukia.

Niseme nilichokuwa nakiogopa, ingawa hakinisafishi. Miaka yangu yote Minnesota nilifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, nikiwaogesha watu na kuwageuza vitandani. Huko wasimamizi wa umri wa mwanangu waliniita kwa jina la kwanza na kuniambia nifanye haraka. Kanisani tu ndiko watu walikonipisha kiti. Na mwaka ule nami nilikuwa nikifikiriwa niwe mzee wa kanisa.

"Wewe unakijua kitabu hiki?" mwenyekiti akaniuliza.

"Sikijui," nikasema. "Na vitabu vya namna hiyo havitasomwa katika nyumba yangu. Anayevitaka aende navyo."

"Sasa hapo baba amesema!" akasema mwenyekiti, akanyoosha kikombe aongezewe chai.

Mwanangu aliinuka. Alimwambia mama yake, "Asante kwa chai," ilhali yake alikuwa hajaigusa, akachukua koti akatoka.

Uzee wa kanisa niliupata. Mwenyekiti alihamia Texas kwa watoto wake, wala hakupita kuniaga. Mwanangu alifunga ndoa na mwanamume anayempenda. Mke wangu alihudhuria akiwa amevaa kitenge kipya, mimi sikualikwa. Wanalea mtoto wa kike, sasa anatembea. Kila Jumapili baada ya ibada mke wangu huendesha gari kwenda kwao Hopkins, na akirudi hanisimulii kitu nisipouliza.

Mwaka jana nilimpigia simu mwanangu nikamwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyosikilizwa mtu wa kuuza bima. Nikamwomba nimwone mtoto.

"Hapana," akasema, kwa Kiswahili. "Wewe watu wakikutazama unakana kwamba unatujua. Sitaki ajue jinsi kunavyouma."

Alichosema ni kweli. Niliitwa mzee kwa gharama ya mwanangu wa pekee. Anaishi mji wa jirani, mzima wa afya, na hatanizika. Mjukuu wangu nitakufa sijamshika.