Kitambaa Kilichogusa Sakafu

Mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi na moja, baba yangu alifariki hapa Brussels, na shida ikaingia nyumbani bila kubisha hodi. Tarehe yangu ya kuzaliwa siijui vizuri. Hiyo ya shida naijua.

Lakini si tarehe inayonirudisha kule, ni harufu ya sabuni ya unga. Nikipita mbele ya nyumba ya mashine za kufulia, hapa Schaerbeek, mlango ukafunguka na ule mvuke wa maua ya uongo ukanipiga usoni, nageuka mtoto anayengoja kuitwa. Mimi, mtu mwenye wajukuu, nasimama njiani kama mjinga, watu wananizunguka. Ngojeni niwaambie kwa nini.

Baba alipokuwa hai tulipanga nyumba yenye kila kitu ndani: viti, kabati, mpaka mapazia, vyote vya mwenye nyumba. Alipozikwa tukatoka na nguo, sufuria na mikeka ya kusalia. Tukaingia vyumba viwili vya chini ya ardhi, dirisha linatazama viatu vya wapita njia. Mama akakaa eda humo. Eda ilipoisha akapata kazi ya kusafisha ngazi za jengo moja refu, na mimi nikitoka shule namfuata. Shule yenyewe sikudumu nayo. Kifaransa changu nilikiokota kwenye ndoo.

Ndipo ikaja habari kutoka Liège. Kaka yake baba, baba mkubwa wetu, alituma neno: Jumapili nakuja kuona. Watoto wa ndugu yangu hawalelewi katika nyumba tupu. Nikikuta tupu, nawachukua. Watoto wenyewe ni mimi, Zena, na mdogo wangu Saidi, ambaye alikuwa bado halali mpaka ashike sikio la mama.

Na nyumba ilikuwa tupu kweli, siwadanganyi. Jirani, mama mmoja wa Kituruki, alituazima viti bila kuuliza swali. Lakini viti peke yake si heshima. Kwetu Buyenzi, kule Bujumbura tulikotoka, mgeni akikaa unamwekea kimeza chake mbele, na kitambaa juu, ndipo chai inakuja. Mgeni akiachwa na kikombe mkononi, au akakiweka chini, hiyo si nyumba, ni kituo cha tramu. Baba mkubwa angetafuta vimeza kabla ya kututafuta sisi. Mama alijua hivyo, na wiki ile hakula sawasawa.

Siku zile sabuni ya unga iliuzwa katika mapipa ya karatasi ngumu, ya mviringo, yenye kifuniko, yanayofika gotini. Watu wa lile jengo walikuwa wanayatupa nyuma, kwenye takataka. Mama akachukua matatu, tukayapandisha kwenye tramu tumeyakumbatia kama mali. Moja lilikuwa limenyeshewa. Tukaliweka karibu na jiko la makaa, likakauka juu juu tu. Kifuniko chake ukikibonyeza kilikuwa kinaingia kama shavu la kibogoyo. Jingine hatukupata.

Akafungua sanduku, akatoa vitambaa vyake vya kufuma, vile vya harusi yake. Akavitia maji ya wanga, akavipiga pasi, akavitandika. Vikawa vifupi, na chini yake maandishi mekundu ya sabuni yanatucheka. Basi akakata shuka jeupe, akavishonea pindo mpaka vikagusa sakafu. Akarudi nyuma akatazama, akasogeza, akatazama tena. Vilipendeza, wallahi. Kilichobaki ni harufu, na hiyo akaichomea udi mpaka Saidi akakohoa.

Pipa bovu aliliweka mbele ya kiti cha shangazi, dada yake baba wa tumbo moja, ambaye naye angekuja. Shangazi alikuwa mwembamba, mkavu, mtu wa kufua mashuka ya hospitali huko Anderlecht. Hakuwa mtu wa kurusharusha mikono. Baba mkubwa ndiye alikuwa mnene, tena mtu wa kupiga meza akiongea.

Jumapili wakaja: baba mkubwa, mkewe na shangazi. Baba mkubwa aliingia akipuliza vidole.

"Maman Zena! Baridi ya kwenu inauma kuliko ya kwetu, donc nakaa karibu na moto."

Akajitupa kwenye kiti cha shangazi.

Mama alinitazama. Mimi nikatazama kitambaa. Chai ikaletwa, na kikombe cha baba mkubwa kilipowekwa kililala upande kidogo, kama mtu anayesikiliza. Nikasema moyoni, nimeona peke yangu.

"Alors, shemeji," akaanza, "mimi sina maneno mengi." Na mkono ukapanda juu.

"Ngoja, wewe!" Shangazi alikuwa ameshasimama. "Unapiga meza tangu ukiwa mutoto. Utamwaga chai ya batu! Shika kikombe. Lete hicho kimeza kwangu, kinalala upande, chukua hiki."

"Mnaona huyu? Mpaka leo ananichunga kama mbuzi."

"Mbuzi angesikia."

Mkewe akacheka. Shangazi akainama, akakinyanyua kile kimeza kwa mkono mmoja, na nikauona mkono unapanda kwa kasi, kama wa mtu aliyedhani ndoo imejaa kumbe haina kitu. Akabaki nacho hewani. Akamtazama mama. Mama akatazama sakafu. Nikajua yamekwisha, nikaanza kufikiria nguo za Saidi ziko wapi.

Shangazi akakitua polepole mbele ya kiti chake, akanyoosha kitambaa. Akamsogezea kaka yake kile kizima.

Baba mkubwa akakipiga palepale. Bum! Sauti ya uwazi, ya ngoma.

"Haya, ngoma hiyo imelia," shangazi akasema. "Sasa mwimbaji ni nani?"

Hata baba mkubwa mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho. Maneno yaliendelea, lakini mimi sikuyasikia, nilikuwa namtazama shangazi. Hakuweka kikombe chake mezani hata mara moja. Chai ilikuwa ya moto, anakihamisha mkono huu, mkono ule. Mama akamwambia, "Wifi, tua kikombe." Akajibu, "Mikono yangu inapenda moto." Nikaona hiyo ni dharau tupu. Amejua, na sasa anakataa meza yetu mbele ya watu.

Mwisho baba mkubwa akatazama viti, akatazama vitambaa, akavuta pumzi. "Bon. Nyumba hii si tupu. Watoto wabaki na mama yao."

Wakati wa kuaga, shangazi alishika pindo la kitambaa kati ya vidole viwili. "Wifi, hiki kirefu mno. Kikate." Mlango ulipofungwa, mama alikaa sakafuni, akasema neno moja tu: "Ameona." Nikamchukia shangazi, na nikadumu nayo chuki hiyo mpaka nimekuwa mwanamke. Nilikwenda kwake Anderlecht kila Idi, nikanywa chai yake juu ya kimeza chake cha mviringo cha mbao yenye mistari, chenye kitambaa kifupi kisichozidi shibiri. Nilikuwa nasema moyoni: mwenye mbao ndiye anayewacheka wenye mapipa.

Alipofariki tulikwenda kutoa vitu sebuleni ili mikeka itandikwe. Nikakishika kile kimeza kwa nguvu za mikono yote miwili, nikakinyanyua, nusura kinipige kidevu. Kilikuwa chepesi. Nikakigeuza. Lilikuwa pipa la sabuni, alilolizungushia karatasi ya ukutani, ile inayochorwa kama mbao, na kitambaa akakiacha kifupi ili watu waione. Miaka yote ile hakuna aliyeinama kuchungulia, maana hapakuwa na kitu kilichofunikwa.

Nilikaa sakafuni kama mama. Kumbe siku ile alikuwa anatufundisha kazi, na kikombe alikishika asije akatuvunjia kifuniko.

Leo ninauza samani, na watu wananiuliza kimeza gani kinafaa sebule yao. Nawaambia: kisizidi mkono wa kiti, kibonyeze kwa kiganja kabla ya kukipenda, na kitambaa kisiguse sakafu. Kitambaa kirefu kinamwambia mgeni, nifunue.

Nina nyumba hii, yangu, hapa Schaerbeek. Nina duka chini yake na gari la kubebea mizigo. Nina viti kumi na viwili, na kila kiti na kimeza chake cha mti mgumu. Nina vitambaa vya mama, pindo nimelikata. Nina pipa moja la sabuni, karatasi yake ya mbao imeanza kubanduka. Hilo nalitumia mwenyewe, na kikombe changu nakishika mkononi.